Mrina Asali Aliyemwona Sirimbi

Kaeni vizuri, ndugu zangu. Mlioko mlangoni sogeeni ndani, nafasi ipo. Asubuhi hii nina mtu nataka mkutane naye. Hayupo hapa kanisani, kwa sababu nimemtunga mwenyewe. Lakini mkimsikiliza mpaka mwisho, huenda mkagundua kwamba mmekaa naye benchi moja.

Mtu huyu alikuwa mrina asali. Kijiji chake kilikuwa mlimani, kwenye ukungu na migomba, na nyuma ya nyumba ya mwisho msitu ulianza hapo hapo. Alikuwa na mizinga ishirini na saba ya magogo, ameitundika mitini, na kila mzinga aliujua kama ninyi mnavyowajua watoto wa jirani. Huu mpole. Huu mkorofi. Huu nyuki wake hawamtaki mtu aliyekula kitunguu.

Wanaume wengine wa kijiji walikuwa wawindaji, na wawindaji mnawajua. Mtu anaingia porini asubuhi, anakutana na paka pori. Jioni akifika kwake, amekutana na chui. Baada ya wiki mbili walikuwa chui wawili, na mmoja aliuliwa kwa mikono. Basi wazee wa zamani wa kijiji hicho walichoka, wakaweka sheria. Kila mwaka, kwenye karamu ya mavuno, mwenye habari ya msituni atasimama aisimulie, ila kwanza aweke mkia wa huyo mnyama kwenye ungo, mbele za watu. Hakuna mkia, hakuna habari. Na yule atakayesimulia bila mkia ataondoka kwenye viti vya watu wazima akale kwenye mkeka wa watoto, mwaka huo na miaka yote itakayofuata, mpaka siku atakayoleta mkia au atakayosema mbele ya wote, "Sikuona kitu."

Wengi walisema "Sikuona kitu" kabla nyama haijaiva. Kwenye mkeka wa watoto, ndugu zangu, hufika shingo na miguu ya kuku, na hata hiyo lazima uwe na mkono mwepesi.

Sasa, kulikuwa na mnyama wa hadithi. Jina lake Sirimbi. Mabibi walimsimulia jikoni: ana ukubwa wa ndama, rangi ya majani makavu, na mkia mweupe unaofika chini. Anapenda asali. Kwa sababu hiyo, kila mrina asali wa pale, akifungua mzinga, aliliacha sega la kwanza chini ya mti. "La Sirimbi hilo." Ukiwauliza, "Kwani mnaamini yupo?" walicheka. "Aa, hadithi za bibi hizo." Na sega wakaliacha.

Mnacheka? Ni wangapi hapa jana usiku tuliombea chakula huku jicho moja liko kwenye paja la kuku?

Tuendelee. Mwaka aliozaliwa binti yake wa pekee, Sekela, yule mrina asali alirudi kuangalia mzinga, akamkuta Sirimbi chini ya mti anakula. Alimtazama kwa muda wa kuvuta pumzi tatu au nne, kisha mnyama akaondoka zake. Mtu wetu akashuka mlima mbio, akaingia kwenye karamu bila kunawa, akasema, "Nimemwona Sirimbi!"

Msimamizi wa karamu alikuwa mwindaji. Ukutani kwake kulikuwa na mikia arobaini na mmoja, na kila mtu alijua kwamba hajawahi kukosa. Akamsogezea ungo.

"Mkia."

"Sikumpiga."

"Ulikuwa na upinde?"

"Ulikuwa begani."

"Basi bwana, ulimwona mbuzi wa mkeo. Mkekani."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwaka wa pili alileta nywele nyeupe tano alizozikuta kwenye gome la mti. Msimamizi alizinusa, akafumba jicho moja, akatangaza, "Mbuzi." Mrina asali akaulizwa, "Je, uko tayari kusema hukuona kitu?" Akajibu, "Niliona."

Akajibu hivyo miaka kumi na tisa. Karamu kumi na tisa alikula na watoto. Na watoto walimpenda, maana aliwafundisha kutafuna nta ya asali na kutega sikio kwenye gogo wasikie nyuki wakibishana. Waliokuwa watoto wakakua, wakahamia vitini, wakaja wengine. Yeye akabaki mkekani, akizeeka kati ya watu wa miaka sita.

Angeweza kuendelea hivyo mpaka kufa, na asilalamike. Lakini Sekela akaposwa. Na watu wa bwana harusi, waliokuwa wanaishi upande wa pili wa mlima, wakatuma habari kwamba watakuja kumchukua siku ya karamu ya mavuno, ili furaha mbili ziwe moja.

Mkewe aliisikiliza habari hiyo mpaka mwisho, kisha akaweka chini kisu cha ndizi.

"Baba Sekela, wakwe wanakuja Jumamosi."

"Nimesikia."

"Watakaa wapi?"

"Vitini."

"Na wewe?"

Akainuka kuchochea moto.

"Nakuuliza, na wewe? Wakitaka kumjua baba wa bibi harusi niwaonyeshe wapi? Niseme, 'Yule pale, kati ya yule mwenye kamasi na yule anayelilia firigisi'?"

Kaka yake mke alikuwepo, anakunywa togwa. Alicheka, togwa ikampitia puani.

Sekela hakucheka. Alisema, "Baba, sema tu hukuona. Ni neno la mara moja. Mimi nitajua kwamba uliona."

"Ukijua kwamba niliona," alisema baba yake, "basi utajua pia kwamba baba yako alidanganya watu siku ya harusi yako."

Binti akasema neno ambalo hakuwahi kulisema. "Basi lete mkia, baba."

Hapo, ndugu zangu, ndipo mtu wetu alipobanwa. Kucheka kwa kijiji alikuzoea. Lakini mtoto wake alikuwa anaomba kitu kimoja: aingie kwa wakwe akiwa na baba anayekaa kitini. Ni kikubwa hicho? Ni nani kati yetu angemnyima?

Shemeji yake akamsindikiza nje, akiwa ameshafuta pua. "Shemeji, sikiliza. Usimwonee huruma. Unamwua mmoja tu. Watu wakishamwona kwa macho, wataamini. Wakiamini, wataweka sheria asiguswe tena. Kwa hiyo ukimwua mmoja umewaokoa wengine wote."

"Wengine wangapi?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye uliyemwona."

"Nilimwona mmoja."

"Basi lazima wapo wengine."

"Lazima kwa nani?"

Shemeji alikuna kichwa. "Shemeji, wewe una maswali. Mimi nina gunia. Ijumaa nitakungojea ukingoni mwa msitu tumbebe sote."

Mrina asali akashusha upinde uliokuwa juu ya dari, akabadilisha upote, ile kamba yake, akanoa mishale mitatu. Jumatano alfajiri akaenda kwenye mzinga ule ule wa miaka kumi na tisa iliyopita. Alikata sega, akaliweka chini ya mti kama kawaida, akakaa nyuma ya kisiki upande ambao upepo haukupeleka harufu yake kwa mnyama. Hakuna aliyekuja isipokuwa siafu. Alhamisi akaweka sega jingine. Walikuja siafu wale wale, na jamaa zao.

Ijumaa, jua lilipoanza kupenya kwenye majani, Sirimbi akatoka.

Hakutoka kwa kishindo. Alikuja kama mtu anayekwenda kuteka maji mahali alipozoea. Ukubwa wa ndama, ndiyo. Rangi ya majani makavu, ndiyo. Mkia mweupe ulifika chini, na ulikuwa umenasa kijiti. Alilinusa sega. Kisha akafanya jambo ambalo mrina asali aliliona mara ile ya kwanza na hakupata nafasi ya kulisimulia, kwa sababu walimkatiza kabla hajafika hapo. Alikunja miguu ya mbele, akapiga magoti, akafumba macho, akaanza kulamba.

Mrina asali alivuta upote mpaka sikioni. Umbali ulikuwa hatua kumi na mbili. Hata mtoto wa mkekani asingekosa.

Na huku amevuta, akaiona karamu ya kesho. Akaona mkia kwenye ungo. Akaona watu wakiupitisha mkono kwa mkono, wakiupima, wakiunusa, na msimamizi akisema kwa mara ya kwanza, "Huyu si mbuzi." Akajiona kitini, Sekela akitabasamu. Vizuri kabisa. Halafu akaona mkono wa mtoto mmoja ukinyooshwa juu, maana watoto huuliza tu, na mtoto akauliza, "Na yeye mwenyewe yuko wapi?"

Naye angejibu nini? "Hayupo."

Miaka kumi na tisa mtu huyu alikula shingo za kuku kwa ajili ya neno moja: yupo. Alikataa kulibadilisha mbele ya wanaume, mbele ya mkewe, mbele ya mtoto wake. Na sasa alikuwa ameshika mshale ambao, ukiondoka kwenye upote, ungelifanya neno hilo kuwa uongo. Kwa miaka yote hiyo hakuna mtu mwingine aliyeweza kumfanya mwongo. Angejifanya mwenyewe, kwa mkono wake, asubuhi ya Ijumaa, ili watu wamwite mkweli Jumamosi.

Akalegeza upote taratibu.

Wakati huo huo nyuki mmoja, ambaye nadhani alikuwa wa ule mzinga mkorofi, akatua kwenye pua ya Sirimbi. Sirimbi akapiga chafya. Chafya kubwa, ya kutikisa masikio. Mrina asali akaziba mdomo, lakini kicheko kilikwisha kutoka. Mnyama akafungua macho, akamtazama, akasimama, akalamba kipande cha mwisho kama mtu asiyetaka kumuudhi mwenye nyumba, akaingia msituni. Mtu wetu alibaki nyuma ya kisiki anacheka peke yake, machozi yanamtoka, upinde uko magotini.

Ukingoni shemeji alikuwa amesimama na gunia lake, ameshalifungua mdomo.

"Vipi? Ametokea?"

"Ametokea."

"Yuko wapi?"

"Amekwenda. Alikuwa anakula."

Shemeji alilitazama gunia, akamtazama yeye, akalikunja gunia. "Dada yangu," alisema, "aliolewa na mtu wa ajabu."

Jioni Sekela alimwuliza baba yake jambo moja tu. "Ulishindwa kumpiga?"

"Sikushindwa. Nilikuwa nimeshavuta."

"Kwa nini hukuachia?"

"Kwa sababu mimi nasema yupo."

Binti akaingia ndani.

Jumamosi wakwe wakaja na ngoma. Mama wa bwana harusi alitangulia mbele, mwanamke wa vigelegele, na kila alipopiga kimoja kuku wa kijiji walikimbia. Wakapewa viti vya mbele. Chakula kilipokaribia, msimamizi wa karamu akasimama na ungo. Alikuwa na maneno yake tayari.

"Baba wa bibi harusi! Leo una wageni, nasi hatutaki kukuaibisha. Kiti chako hiki hapa, nimekifuta mwenyewe. Tuambie tu, umeleta mkia?"

"Nimeuacha," alisema mrina asali.

"Umeuacha wapi?"

"Kwa mwenyewe. Bado anautumia."

Kicheko kilipasuka. Wapiga ngoma waliacha ngoma. Msimamizi mwenyewe alilazimika kukaa kidogo. Alipopata pumzi akasema, "Haya, basi. Sema hukuona kitu, ukae kitini tule."

"Nilimwona. Na jana nimemwona tena."

Akavua viatu, akaenda mwenyewe mkekani. Watoto wakasogea kumpisha, maana walishamwekea nafasi. Mkewe alijifunika uso kwa kanga. Wageni wakaanza kuulizana kwa sauti ya chini, na ninyi mnaijua hiyo sauti ya chini ya wakwe, husikika mpaka jikoni.

Hapo Sekela akainuka kwenye kiti cha bibi harusi. Akavua viatu vyake vipya, akashika gauni lisiburute, akaenda kukaa mkekani, bega kwa bega na baba yake.

"Sekela!" aliita mama yake. "Rudi kitini!"

"Si mkeka wa watoto huu, mama? Mimi ni mtoto wake."

Aliyefuata kusema alikuwa mama wa bwana harusi. Aliweka kikombe chini, akasimama.

"Mkwe, samahani. Nina swali. Huyo mnyama wako, anapokula, anasimamaje?"

Mrina asali alimtazama. "Hasimami. Hupiga magoti ya mbele."

"Na macho?"

"Hufumba."

Yule mama akajishika kifua. "Nilikuwa na miaka kumi na miwili," alisema. "Nilikwenda kuokota uyoga. Alikuwa hatua chache kutoka nilipo. Sijamwambia mtu. Hata mume wangu huyu hapa sijamwambia."

"Mama," msimamizi alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena, "kwani na kwenu mna sheria ya mkia?"

"Hatuna. Kwetu watu hucheka bila sheria."

Akavua viatu, akaenda mkekani.

Mfinyanzi wa vyungu, mwanamke ambaye hajawahi kusema neno kwenye karamu, akainuka kutoka safu ya nyuma akamfuata. Kisha wakainuka ndugu wawili, mtu na mdogo wake, waliokuwa wanaishi nyumba moja na kulala chumba kimoja tangu wazaliwe. Waliinuka kwa wakati mmoja, kutoka pande mbili za uwanja, wakakutana katikati.

"Na wewe?"

"Na wewe?"

"Lini?"

"Mwaka wa mvua nyingi. Wewe je?"

"Juzi juzi! Mbona hukuniambia?"

"Ungenicheka."

"Ningekucheka," alikiri mkubwa, na wakakumbatiana pale pale, wakaenda mkekani wameshikana mikono.

Wakawa watano, wakawa tisa, wakawa kumi na wanne. Mkeka ukajaa. Watoto wakakosa pa kukaa, wakapanda vitini, wakajikuta mbele ya sahani za watu wazima, wala hawakuuliza swali. Kule mkekani watu walikuwa wanazungumza wote kwa pamoja: "Umeona anavyotikisa sikio?" "La kushoto!" "La kushoto, ndiyo!" Watu wazima wenye wajukuu, wanakatizana maneno kama wanafunzi waliotoka darasani.

Msimamizi alibaki amesimama na ungo wake mtupu. Akauweka chini. Akasema kwa sauti ambayo watu wa nyuma hawakuisikia mpaka walipoambiwa na majirani zao:

"Mimi nilimlenga."

Watu wakamgeukia.

"Kabla yako wewe, mrina asali. Nilikuwa kijana. Nilimlenga, nikaachia, nikakosa. Mnasema sijawahi kukosa. Nilikosa mara moja. Niliona aibu ya kukosa, kwa hiyo nikanyamaza. Ulipokuja wewe ukasema umemwona, nilijua kwamba yuko hai, nikafurahi, na kwa kuwa sikuweza kusema kwa nini nimefurahi, nikacheka. Miaka yote hii namshukuru Mungu kwa mshale ule uliopita pembeni."

Akavua viatu. Watu wa mkekani wakabanana, wakampa nafasi, na mrina asali mwenyewe ndiye aliyemmegea shingo ya kuku. Mama wa bwana harusi akapiga kigelegele kimoja ambacho, nawaambia, kama Sirimbi alikuwa upande huu wa mlima, alikisikia.

Ndugu zangu, sasa tujitazame sisi.

Fikirini mkia ungeletwa. Ungekuwa kwenye ungo. Mrina asali angepewa kiti, na yule mama, mkwe wake, angeutambua ule weupe. Angeng'amua mara moja ni wa nani. Je, angesimama aseme? Asingesema. Angekunywa togwa yake, akarudi kwao upande wa pili wa mlima, akalia jikoni peke yake. Na yule mfinyanzi hivyo hivyo, na ndugu wale wawili kila mmoja kwenye kitanda chake. Watu kumi na watano wangemzika Sirimbi kimya kimya, kila mtu na msiba wake, na karamu ingeendelea. Kijiji kingekuwa na ushahidi, na kisingekuwa na Sirimbi.

Na sisi je? Sisi hatuwindi. Lakini tunapenda sana kudai mkia. Mume anataka kujua kama mkewe anamwamini, anamtungia mtego, anamfuatilia, anamtuma rafiki yake amjaribu. Siku anapopata jibu, imani ile iliyokuwepo asubuhi imekwisha kufa, na ni yeye aliyeiua. Mzazi anamwambia mwanawe, "Kama unanipenda, achana na yule." Mtoto anaachana. Mzazi amepata ushahidi wake. Mtoto anapiga simu mara ngapi siku hizi? Hata humu kanisani mtu akisimama akasema, "Niliomba, nikapata amani," tunamtazama juu mpaka chini. Tunataka cheti cha daktari. Tunataka barua. Kama hana, tunamcheka kwa adabu, kile kicheko kinachofichwa kwa kikohozi, naye anakaa chini, na hasimami tena.

Kuna vitu ambavyo uthibitisho wake ni kuachwa viishi. Upendo ni kimojawapo. Urafiki ni kimojawapo. Na Mungu wetu, ambaye tunamwambia kila siku, "Kama upo, fanya hiki, vunja kile, nionyeshe leo kabla ya saa kumi," amekuwa akituvumilia kwa muda mrefu, na bado anakuja asubuhi.

Lakini neno langu la leo haliwahusu wanaocheka tu. Linatuhusu zaidi sisi tulioona na tukanyamaza. Mama uliyelala hospitali miezi miwili na unajua ni nani aliyekaa nawe usiku ule wauguzi walipokata tamaa. Kijana uliyekuwa umefika ukingoni na kitu kikakushika mkono. Wewe mwenye duka uliyesamehe mtu, ukatembea kurudi nyumbani kama umetuliwa mzigo, na hujamweleza mtu kwa sababu hujui utaanzaje. Mmekaa humu miaka mingapi, mabenchi mawili kutoka kwa mtu aliyeona kile kile, na kila mmoja anadhani yuko peke yake? Wale ndugu wawili walilala chumba kimoja!

Mimi kazi yangu ya kusema imekwisha. Nimeandaa kurasa mbili zaidi, nitazirudisha nyumbani, mke wangu atafurahi. Mwalimu wa kwaya, naomba msiimbe kwanza. Nakaa hapa pembeni, kipaza sauti nakiacha wazi, wala hakuna atakayeulizwa kitu. Mwenye alichokiona asimame atuambie, hata kama ni kwa sentensi moja.

Naam, mama. Karibu mbele.